Jani Nililoliacha Mlimani

Mwanaisha mwanangu,

Tumeshaamkiana asubuhi, nawe uliitikia ukiwa umeinamia simu, kwa hiyo salamu nimeshazipata na sina nyingine za kukupa. Nakuandikia mchana huu ofisini kwangu, hapa jengo la Tianxiu, nyuma ya karatasi za orodha ya mizigo, maana karatasi safi zimekwisha na dukani sitaki kushuka. Wewe uko soko la Zhanqian unachagua madera ya kuwapelekea shangazi zako. Umesema utarudi magharibi, na kesho alfajiri unaondoka. Nina kama saa nne za kukwambia jambo ambalo nimeshindwa kulisema kwa miaka kumi na tatu.

Habari za pasipoti, dawa za malaria na namna ya kufunga sanduku siandiki. Umeshaniambia unajua, tena kwa ile sauti yako. Sawa.

Mimi nimekasirika, na nataka ujue nimekasirikia nini, kwa sababu wewe unadhani ni simu.

Asubuhi uliuona ule mmea ulioota kwenye ufa wa ukuta pale tunapoanika nguo. Ukauelekezea simu, simu ikakupa jina, ukafurahi. Nikakuuliza, "Umeligeuza jani? Vinyweleo vyake vimelala au vimesimama?" Ukacheka.

"Baba, simu imeshasema. Vinyweleo vya nini tena?"

Nikageuka nikaiona juu ya meza lenzi yangu ya kutazamia majani, niliyokupa uende nayo. Umeitoa kwenye sanduku lako kwa mara ya pili, na mara zote mbili niliirudisha mimi. Nikanuna, ukaniona. Ukataka kunichangamsha, ukasema, "Usinune bwana! Nikifika kwa mama nitakula kila atakachopika. Ila supu yake, meiyou!" Ukapunga mkono kabisa, kama wale wauzaji wa mtaa wa Guangyuan Xilu wanavyokufukuza kwa neno hilo hilo la Kichina, hakuna, wakiwa hawana saizi yako.

Nikainuka nikaondoka. Chai niliiacha mezani. Najua ulibaki ukisema moyoni kwamba baba amezeeka, anaionea simu wivu.

Simu naikasirikia pia, lakini kidogo. Simu inatazama jani kwa juu, kwenye jua, inaona umbo na rangi basi. Haijui kwamba chini ya jani, kando ya mshipa mkubwa, kuna vinyweleo vilivyogawanyika kama nyota, na jirani yake anayefanana naye kwa kila kitu ana vinyweleo vilivyonyooka. Haijui kwamba huyu ana vinyweleo vyenye kitone cha gundi kwenye ncha na yule hana, na kwamba hiyo gundi ndiyo tofauti yao yote. Mimea miwili inaweza kufanana majani, ua, hata kimo, ukakaa unajiuma kucha, kisha ukaweka lenzi jichoni, ukaleta kikonyo karibu, mwanga ukitokea ubavuni, na jibu likawa pale pale. Wewe hili unalijua. Umesoma vitabu vyangu vyote, umefaulu kuliko mimi. Ndiyo maana nakasirika ukilifanyia mzaha.

Lakini lililoniinua mezani ni supu.

Mwanaisha, ile supu iliyowalaza watu hospitali haikuharibiwa na samaki.

Nimeiandika. Kalamu nimeiweka chini, nikaenda dirishani, nikarudi. Sasa nisikilize mpaka mwisho kabla hujaanza kunipigia simu.

Unakumbuka tulivyoishi mtaa wa Xiaobei wakati huo, chumba na jiko. Mama yako alikuwa akipika chakula cha mchana na kuwauzia wafanyabiashara wetu. Wali, maharage, samaki wa kupaka. Alikuwa akibeba hotipoti mbili mpaka Guangyuan Xilu na kurudi nazo tupu. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa mimea, nakaribia kumaliza, na watu wetu walikuwa wakiniita Daktari hata kabla sijawa. Nilipenda kuitwa hivyo. Nilipenda mno. Mtu akiokota jani lolote njiani, "Mpelekee Daktari," na mimi nilikuwa na jibu kila siku. Sikumbuki hata mara moja niliyosema sijui.

Mama mwenye nyumba wetu, yule aliyekuwa akikupa mikate ya mvuke, siku moja alitupandishia bakuli la supu ya kuku. Mama yako akainama akanusa, akaniangalia macho yamemtoka.

"Baba Mwanaisha, hii ina nazi."

Haikuwa na nazi hata tone. Ilikuwa mizizi, ya kichaka fulani cha huku, ndugu wa mkuyu, ambacho mizizi yake ikichemka hunukia tui. Wenyeji wanakipenda sana. Jani lake lina vidole vitano na limejaa manyoya, juu na chini, mpaka kwenye kikonyo, na jina walilokipa lina maana ya pichi lenye manyoya la vidole vitano. Manyoya yamo mpaka kwenye jina lake. Hilo nalirudia kila siku kichwani, na kila siku linaniudhi upya.

Basi mama yako akawa ananunua mizizi hiyo sokoni, iliyokaushwa, anaitia kwenye supu. Wateja wakaipenda. Watu wa Unguja na Tanga waliokaa mbali na nyumbani miezi sita, unawapa bakuli linalonukia tui na kuku! Mzee Kombo, yule mfanyabiashara wa vitenge kutoka Unguja, alikuwa akisema akinywa ile supu anasikia sauti ya mbuzi ya nazi ya mama yake. Mimi nikaona mke wangu anasifiwa kwa mmea, na mtu wa mimea ni mimi. Nikamwambia, "Ya nini kununua? Mlima umejaa. Nitakuletea mibichi."

Nilikwenda Jumapili, kwenye vilima vya kaskazini nje ya mji. Kichaka nilikiona mara moja. Nililishika jani, nikahisi manyoya yake, nikalitazama kwa lenzi, lenzi hiyo hiyo unayoitoa kwenye sanduku. Hapo sikukosea. Nilikosea nilipoanza kuchimba. Pale palikuwa na mmea mwingine wa kutambaa umejizungusha kwenye kichaka, jani lake laini, linang'aa, halina unywele hata mmoja. Niliuona. Nilijua ni nini; wenyeji wanauita mmea wa kukata utumbo kwa sumu yake, na nilishaufanyia mtihani. Mizizi ya wote wawili ilikuwa imeshikana ardhini. Mzizi hauna jani, mwanangu, na ukishaukata hauna wa kuutolea ushahidi. Kazi sahihi ilikuwa kuufuata kila mzizi kwa kidole, kutoka ardhini mpaka kwenye jani lake, na usiofika kwenye manyoya kuuacha. Jua lilikuwa kali, basi la kurudi lilikuwa karibu, nikavuta tu. Majani nikayakata nikayatupa ili mfuko uwe mwepesi.

Nilipofika nyumbani mama yako akamwaga mizizi kwenye beseni, akaigeuza geuza.

"Majani yake yako wapi?"

"Nimeyaacha mlimani."

"Sasa nitajuaje?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Yeye shule yake iliishia darasa la saba, lakini alikuwa anazijua mboga kwa mkono. Majani ya maboga aliyaambua nyuzi gizani umeme ukikatika, mnavu alikuwa akiusugua ndani ya kiwiko kwanza ndipo autie sufuriani. Kila alichopika alikigusa kikiwa na jani lake. Akachukua mzizi mmoja, akaninyooshea.

"Huu mbona kama ngozi yake nyingine?"

Niliunusa. Ulinukia tui. Yote ilinukia tui, maana ilikaa mfuko mmoja kutwa nzima, harufu ya mmoja ikawapaka wote. Ningesema, "Ngoja, kesho nirudi nikaangalie." Ilikuwa safari ya basi tu. Nikamwambia, "Saumu, mimi ndiye niliyesomea. Ni yenyewe."

Akaiosha.

Kesho yake mimi nilikuwa maabara, wewe shuleni. Mama yako alionja kwanza, kama kawaida ya mpishi, kisha wakanywa Mzee Kombo na wateja wawili, pamoja na wali na samaki wao. Niliitwa saa nane. Nilimkuta mama yako kope zimemwangukia, hawezi kuzifungua, ulimi mzito, anajaribu kuniambia ananiona wawili. Mzee Kombo alikuwa anavuta pumzi kwa taabu. Hospitali daktari akaniuliza wamekula nini, na mimi, Mwanaisha, nilisema ukweli wote bila kusita. Nilisema kwa Kichina, jina la mmea la kienyeji na jina lake la kisayansi, sehemu gani imetumika, kiasi gani. Ndicho kilichowaokoa. Daktari alinipiga bega akasema bahati yenu mna mtaalamu.

Kisha nikatoka kwenye ukumbi. Ndugu zetu walikuwa wamejaa, kama kumi na tano. Unajua watu wetu; mmoja akiugua wanafunga maduka. Kichina chao kilikuwa cha soko, bei gani, punguza, laoban, yaani mwenye duka, usinifanyie hivyo. Hakuna hata mmoja aliyeelewa nililomwambia daktari.

"Daktari, vipi? Wamekula nini?"

Nikawaangalia. Wote walikuwa wamenikazia macho, na hilo jina la Daktari lilikuwa bado limo hewani.

"Nadhani samaki," nikasema. "Samaki hakuwa mzuri."

Mmoja akasema, "Nilijua tu! Mama Mwanaisha anapika haraka haraka mno siku hizi." Mimi nikatikisa kichwa kumkubalia.

Ndani ya dakika tano nilikuwa nimesema kweli kwa Kichina na uongo kwa Kiswahili. Wageni niliwapa haki yao, watu wangu nikawanyima.

Wote walipona, alhamdulillahi. Lakini hotipoti za mama yako zilirudi zimejaa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna aliyemtukana, walimwambia tu wameshakula. Alijua mara moja nilichosema, na alijua ni uongo, maana mzizi ule aliushika yeye. Nilingoja anipigie kelele. Aliniambia neno moja tu, akiwa anaosha sufuria ambazo hazikuwa chafu.

"Wewe una cheti cha kulinda. Mimi nina sufuria tu."

Baada ya mwaka akarudi kwao Muheza. Ulikuwa na miaka kumi. Tulikwambia unabaki huku na mimi kwa ajili ya shule.

Cheti nilikipata. Unakiona hapo ukutani kila ukija ofisini, juu ya kalenda ya kampuni ya makontena. Umewahi kuniuliza mbona mtu mwenye cheti kile anapakia mabeseni na taa za watu. Nilikujibu kwamba kazi za mimea hazina nafasi. Uongo mwingine huo. Nafasi zilikuwepo. Kila nikiandika jina la mmea kwenye kibandiko mkono ulikuwa unakataa. Nilikaa na jani moja siku nzima, nalitazama kwa lenzi, najua ni nani, siwezi kuandika. Ndipo nikaja kwenye makontena, maana kontena limeandikwa ubavuni lina nini na mwenye kuapa ni mwingine.

Sasa wewe, ukitoka kwa mama yako, unakwenda Lushoto kwenye huo mradi wenu wa mimea. Watu watakuletea mizizi mikononi, imeshaoshwa vizuri, wakuulize, "Mwalimu, hii siyo ile ya tumbo?" Watakuwa wamekukazia macho. Utatamani kusema ndiyo, nakwambia, utatamani kuliko unavyotamani maji. Waambie wakupeleke ilipochimbwa. Watakuona mjinga, watanung'unika, mwendo utakuwa mrefu, mvua itanyesha. Nenda. Tafuta jani changa, si kuukuu, maana jani likizeeka vinyweleo hudondoka, utasema halina nawe utakuwa umekosea. Na simu chukua, sikukatazi. Ila lenzi usiitoe tena kwenye sanduku, Mwanaisha, nakuomba, nimechoka kuirudisha.

Nimefika kwenye lililonishinda zaidi. Yote haya juu ningeweza kukwambia kwa mdomo, pengine. Hili siwezi.

Siku ile mama yako alipolazwa ulikuwa kwa Mama Nasri, jirani yetu. Nilipokuja jioni ulikuwa umekaa chini mlangoni umevaa viatu vyako vyekundu vya shule, umevifunga kamba mwenyewe, na mkobani umetia kanga ya mama. Ukasema, "Baba, twende." Nikakwambia mama hataki umwone akiwa vile. Ukalia. Hukuvua viatu. Kesho yake nilikuta umevivaa tena, na kesho kutwa. Mama Nasri alinisema mpaka akachoka. "Baba Mwanaisha, mpeleke mtoto, una nini wewe?"

Mama yako hakunikaripia hivyo. Alilala siku tatu akikuulizia, kwa ule ulimi mzito. "Mtoto yuko wapi? Mbona humleti?" Nikamwambia unaogopa. Nikamwambia umekataa kuja, kwa sababu ya macho yake yalivyoanguka.

Unajua kwa nini? Kwa sababu wewe ulikuwa na miaka tisa na Kichina chako kilikuwa kizuri kuliko changu. Madaktari walikuwa wanapita kila asubuhi na kuutaja ule mmea kitandani pake kwa sauti. Ungesikia. Ungetoka ukumbini ukawaambia watu kwa Kiswahili, mtoto haoni aibu. Nilikuzuia usimwone mama yako ili usinielewe.

Na mimi ndiye niliyeulea uongo huo ukakua. Ulipokwenda Muheza ukiwa na miaka kumi na mitano ulirudi ukaniambia, "Mama ana maneno ya ajabu. Ananiuliza kama bado naogopa. Naogopa nini?" Nilikuwa nakaza mkanda kwenye boksi. Nikaendelea kukaza. Mnaongea kwenye simu kama watu wa ofisi mbili, hujambo, sijambo, shule vipi, nzuri. Wewe unaamini hakutaka umwone. Yeye anaamini ulimkimbia. Nimekaa katikati miaka yote, nasikiliza pande zote mbili, na sijafungua mdomo. Nikifikiria hilo natamani kujipiga makofi.

Leo saa saba nimempigia. Nilitaka nimalize kila kitu kabla hujaruka.

"Saumu," nikasema, "kuhusu ule mzizi."

"La mzizi nalijua."

"Najua unalijua. Nataka niseme kwamba kosa lilikuwa—"

"Miaka yote hii, leo ndiyo umeiona simu?" Kisha nikasikia anaburuta kitu, kama kigoda. Sauti ikarudi ndogo. "Huyu mtoto siku hizi anakula nini? Nimekaa hapa tangu alfajiri nawaza. Nilitaka kuchinja kuku. Ila supu nisimpikie, au siyo? Asije akaogopa."

Hapo ndipo palikuwa pa kumwambia habari za viatu. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nikasema, "Saumu, mtandao unakatika, sikusikii," nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa. Mtu mzima mimi, nina mvi, nimeikimbia simu.

Kwa hiyo nakuandikia. Sikuombi unisamehe kwenye karatasi, na usije ukanijibu haraka haraka kwa ujumbe wa simu wenye vikatuni. Ukasirike. Nina hakika utakasirika, na ukinipita uwanjani kesho bila kuniaga nitaelewa, ingawa nitaumia. Barua hii nitaitia kwenye kifuko cha lenzi. Kama hutaisoma maana yake ni kwamba umeitoa tena, na hapo sijui nifanye nini na wewe.

Ukifika Muheza mama yako atakuwa amesimama ndani, hatatoka nje kukulaki, kwa sababu atadhani ukimwona ghafla utashtuka. Usimngoje. Vua viatu mlangoni, ingia, na kabla hujafungua sanduku la zawadi mwambie kwamba siku ile ulivivaa. Mwambie vilikuwa vyekundu, na kamba ulizifunga mwenyewe, siku tatu, na aliyekuzuia ni mimi. Kisha umwombe akupikie supu.

Baba yako